Adui wa Ukuta Yu Nyuma Yake

Mwenye kiwanja kando ya bahari hujenga ukuta wa nguzo na mbao ili udongo wake usichukuliwe na maji. Siku ukuta huo unapoanza kuinamia pwani, yeye hulaumu mawimbi. Lakini mara nyingi adui yu nyuma, katika udongo wa kiwanja chenyewe.

Wakati wa masika maji ya mvua, pamoja na yale yatokayo paani, huzama ardhini yakajaa nyuma ya mbao. Bahari ijaapo, maji ya mbele huusaidia ukuta. Lakini Mombasa, siku za bamvua, bahari hushuka zaidi ya mita 3. Ipwapo, mbele huwa hakuna kitu, na ukuta huachiwa mzigo wote wa nyuma.

Hesabu yake ni hii. Ukuta wenye kimo cha mita 2, ukijaa maji nyuma mpaka juu, husukumwa kwa uzito wa kilo 2,000 katika kila mita moja ya urefu wake, mbali na udongo. Maji yakishushwa hadi nusu ya kimo, uzito hubaki kilo 500, yaani robo tu. Basi yafaa kuyatoa maji kabla ya kufikiri kuongeza nguzo.

Kazi ifanywe wakati wa kiangazi, bahari ikiwa imekupwa, tena kwa vipande vifupi. Udongo ulioshikana na mbao uondolewe, na mahali pake pajazwe kokoto safi. Kati ya kokoto na udongo kitandikwe kitambaa cha kuchujia, ili maji yapite na mchanga usipite. Kisha matundu yatobolewe katika mbao, upande wa chini, wala si katika nguzo. Na kila palipokatwa papakwe dawa ya mbao. Maji ya paa yapelekwe mbali kwa mfereji.

Vishimo vikionekana ardhini karibu na ukuta, ni dalili kwamba mchanga unatoroka. Ukuta uliokwisha kuinama hautanyoshwa na matundu. Huo ni wa kuonyeshwa fundi kabla nyumba haijafikiwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ukuta huu, hata asiyetoboa tundu atajenga tena.