Ngoma ya Lukafu Si Zulia la Wakubwa

Kila mkubwa anayeshuka kwenye ndege pale Luano, Lubumbashi, anataka kuwakuta wanakijiji wanamchezea. Pasipo ngoma na vigelegele, pasipo akina mama waliojifunga vikwembe vyenye picha ya uso wake, anajiona hajafika. Basi lori linatumwa vijijini usiku. Watu wanapakiwa na ngoma zao, wanashushwa alfajiri kando ya lami, wanaambiwa: “Mucheze muzuri, mukubwa iko nakuya!” Mkubwa anafika saa nane, anapunga mkono kupitia kioo cha gari, vumbi linabaki. Malipo ni kile kikwembe, na soda kwa wenye bahati. Kurudi nyumbani kila mmoja anajijua.

Halafu jioni televisheni inatangaza kwamba utamaduni wetu u hai.

Kuchezeshwa huko mimi nakuita ushuru. Ni ushuru unaolipwa kwa miguu na koo, na wanaoutoza ndio haohao wanaoapa kila kampeni kwamba wanaipenda mila ya wazee wetu.

Haukuanza jana. Wamisionari walipofika upande wa Mweru na Luapula walikipiga vita chama cha butwa, pamoja na nyimbo na ngoma zake, wakaona humo kazi ya shetani tu. Baadaye wakaja wenye kalamu. Monsinyori de Hemptinne aliandika mwaka 1926 juu ya wafua shaba wa Katanga, “wala shaba” kama alivyowaita, na habari za kazi ya wafua hao zikasomwa Ubelgiji. Miaka ya 1970 Mobutu akaja na dawa yake: chezeni mpendavyo, mradi mnanichezea mimi. Animasyo, ndivyo ilivyoitwa. Maofisini, mashuleni, viwandani, watu walipangwa mistari kumwimbia Kiongozi. Mobutu alianguka mwaka 1997. Animasyo ilibadilisha tu picha kwenye kitambaa.

Anayedhani kijiji chetu cha Lukafu ni porini tu, pa kuokota wachezaji kama mtu anavyookota kuni, aulize historia. Wabelgiji walikuwa na kituo Lukafu kabla Élisabethville haijazaliwa mwaka 1910. Chini ya milima ya Kundelungu, Walomotwa, Wasanga na Wayeke wamekaa jirani, wakaoana, wakazikana, na kwenye matanga ndipo mtu anapojua nani fundi wa kuimba na nani anapiga kelele tu. Kijijini hakuna asiyejua tofauti hiyo. Mpiga ngoma mzuri anafahamika kwa jina, anafuatwa kutoka mbali, anapewa kuku, anapewa munkoyo, anabembelezwa. Akifika Lubumbashi anageuka kuwa “kikundi cha folklore”. Jina linabaki kijijini.

Tazameni Bunkeya. Msiri, mwami wa Wayeke, aliuawa pale Desemba 20, 1891, na watu wa msafara wa Stairs, na Wayeke bado wanamkumbuka siku hiyo, kwao, kwa ngoma zao. Anayetaka kuona anafunga safari. Mkubwa ndiye anayekula vumbi la barabara, anakaa anapoonyeshwa, anasubiri mwami. (Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015 Bunkeya iko Lualaba nasi tuko Haut-Katanga, lakini ngoma haikuona mpaka huo.) Kwa nini adabu ya Bunkeya isiwe adabu ya kila kijiji?

Bunkeya hiyohiyo ilimtoa mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi na gitaa lake, na wimbo wake “Masanga” ukazunguka dunia. Nairobi walimpa kipindi redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwa vidole vyake. Alikuwa akiimba kwa Kiswahili hiki chetu ambacho watu wa pwani wanakicheka. Sasa niambieni: ni mtoto gani wa Lukafu mwenye kidole kama kile atakayesikika leo, iwapo kazi pekee tunayomkabidhi ni kupokea ndege? Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, Kinshasa wakasherehekea, na nilifurahi nami. Lakini urithi ulio Kundelungu unasafirishwa nyuma ya lori pamoja na magunia.

Najua jibu la wakubwa: vijiji vinataka kwanza barabara na dawa. Kweli vinataka! Ila barabara hamjaitengeneza, na ngoma mnaichukua palepale. Msijifiche nyuma ya wagonjwa.

Makuta yapo. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la chifu, sekta au mji ulio na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kijiji kilicho kwenye eneo lisilo na mgodi hakiwezi kudai hiyo 15, lakini 25 ya jimbo ni yake kama ilivyo ya Lubumbashi. Humo naomba mstari mmoja wa bajeti wenye jina la kijiji na jina la msanii: posho ya fundi anayefundisha vijana kuchonga ngoma na kuipiga, na gharama ya kurekodi nyimbo za wazee kabla hawajazikwa nazo, nakala ikibaki Lukafu.

Na machifu wetu nao waache kuuza watu wao kwa bahasha. Anayepokea bahasha ya mbunge usiku ndiye anayewaamsha akina mama saa tisa. Sisi tunaocheza tuna la kufanya pia, maana lori haliondoki likiwa tupu. Dereva akija aulizwe mbele ya wote: falanga ngapi kwa kila mtu, nani anatia saini, chakula kiko wapi, na saa ngapi tunarudishwa. Asipokuwa na majibu, mkubwa wake ashuke kwenye ndege kimya kimya, kama abiria wengine.