Kula chao, mlima wao usimame
NJIA PANDA, na Rehema Mshana

Watalii wengi wanaofika Tirano, mji mdogo wa Italia mpakani na Uswisi, hawana muda nao. Wanateremka kutoka treni ya Milano, wanapiga picha mbele ya kanisa la Madonna, kisha haooo, wamepanda treni nyekundu ya kwenda St. Moritz. Siilaumu treni yenyewe. Inaondoka mita 429 juu ya usawa wa bahari na kukwea hadi mita 2,253, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza reli yake kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ila wanaoikimbilia wanaliacha bonde la Valtellina, na kwa maoni yangu uhondo uko hukohuko wanakouacha.

Valtellina ni bonde la mto Adda. Limelala mashariki kwa magharibi, hivyo mteremko wa kaskazini unapigwa jua karibu mchana kutwa. Hapo wenyeji walipanga mawe bila saruji, ukuta juu ya ukuta, wakajaza udongo nyuma yake, mwingine wakiubeba mgongoni kwa vikapu kutoka chini. Ukiziunganisha kuta hizo unapata zaidi ya kilomita 2,000. Mizabibu ya Nebbiolo, zabibu za divai nyekundu, imesimama juu yake. Trekta halipiti, mvunaji anapanda ngazi za mawe na kushuka na kreti, na yapo mashamba ambako zabibu zinateremshwa kwa helikopta. Ndiyo, helikopta.

Mwaka 2018 ufundi wa kujenga kuta za namna hiyo uliingia kwenye orodha ya UNESCO, kwa ombi la Italia na nchi nyingine saba. Heshima nzuri, lakini cheti hakinyanyui jiwe. Ukuta usio na saruji ukinyeshewa sana hufura tumbo na kumwagika. Anayeurudishia ni mwenye shamba, tena akiwa bado anapata kitu shambani. Akihamia Milano, vichaka vinaingia, mawe yanaanza kuteremka. Na watu wa huku hawahitaji kuhubiriwa kuhusu mlima: tarehe 28 Julai 1987, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima uliporomoka Val Pola, karibu na mji wa Bormio katika bonde hilihili, ukaua watu 27.

Kwa hiyo mgeni anayesema amefuata mandhari tu, chakula baadaye, hajaelewa anachokitazama. Mandhari yale yanalimwa.

Msomaji usiyekunywa divai usifunge gazeti, twende Teglio, hukohuko Valtellina, tukale pizzoccheri. Ni tambi fupi, pana, za rangi ya kijivu, zinazotokana na grano saraceno, nafaka nyeusi ya mbegu zenye pembe tatu, ikichanganywa na unga kidogo wa ngano. Viazi na kabichi vinatangulia kwenye maji, tambi zinafuata humohumo. Vinaopolewa na kupangwa kwenye bakuli, tabaka la tambi, tabaka la jibini, mpaka bakuli lijae. Halafu siagi iliyokaangwa na kitunguu saumu inamwagwa juu ikiwa bado inachemka. Jibini linavutika kama ulimbo. Ni chakula cha mtu aliyeshinda akibeba mawe, na ukikila mchana usipange kupanda mlima jioni.

Na bresaola je, ile nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, inayouzwa dunia nzima kwa jina la Valtellina? Jina limelindwa kisheria Ulaya tangu 1996, lakini sheria inalinda mahali inapotengenezwa, haisemi ng'ombe kachungwa wapi. Nyama nyingi inatoka Amerika Kusini, hasa zebu wa Brazil, ndugu wa ng'ombe wetu wenye nundu. Ni tamu, sikatai. Lakini pesa yake haifiki kwa mchungaji wa pale.

Pesa inayofika ni ya jibini la Bitto. Kuanzia Juni hadi Septemba ng'ombe wanapelekwa malisho ya juu, pamoja na mbuzi wachache ambao maziwa yao huchanganywa kidogo. Wafugaji wanaoshika njia ya zamani hupika jibini palepale maziwa yanapokamuliwa, ndani ya kibanda cha mawe kinachoezekwa turubai, yakiwa bado na joto la ng'ombe. Hao waligombana miaka mingi na wenzao kuhusu kanuni zilizoruhusu chakula cha ziada cha mifugo na chachu za kununua, na mwaka 2016 wakaliacha jina la Bitto wakaita lao Storico Ribelle, yaani la kihistoria na la uasi. Bei yake inauma. Mimi niko upande wao.

Baadhi ya mashindano ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026 yalipangiwa miji ya Bormio na Livigno, na bila shaka yamewaongezea wageni wa theluji. Wewe ukibahatika kupata viza ya Schengen, nenda mwishoni mwa kiangazi chao. Lala kijijini badala ya Milano, uliza jibini limetoka malisho gani, na ukitajiwa bei usianze kuomba upunguziwe.