Tumbaku yako inangoja soko mahali gani?



Kila msimu nalisema hili mikutanoni, na leo naliandika: wengi wetu tunapoteza daraja la tumbaku ghalani, si shambani wala kwenye bani. Tunakesha na moto, jani linatoka na rangi safi ya chungwa, halafu tunalirundika kwenye chumba cha bati kisicho na dari hadi siku ya soko.

Nilishuhudia kwa mkulima mmoja ambaye soko lilimchelewa. Tulipofungua marobota, katikati jani lilikuwa na ukungu, na juu, karibu na bati, limejaa vitundu. Mteuzi akashusha daraja. Mkopo wa pembejeo haukushuka.

Maadui ni wawili: joto na unyevu. Fukusi wa tumbaku, kile kidudu cha kahawia chenye urefu wa milimita 2 hadi 3, hustawi kwenye joto la karibu nyuzi 30. Chini ya nyuzi 20 ukuaji wake ni wa polepole sana. Ukungu nao hutokana na jani lililofungwa likiwa bichi au lililonyunyiziwa maji ili liongeze uzito. Robota la namna hiyo hupata joto lenyewe kwa ndani. Uzito unaoutafuta utaulipa kwa daraja.

Huko Ulaya na Marekani, wanunuzi wa sigara nene za kusokotwa huzitunza kwenye kisanduku cha mwerezi, kwenye nyuzi kama 18 hadi 21 na unyevu wa karibu asilimia 70. Mtu analinda sigara 20 kwa kipimajoto. Sisi tunaacha mapato ya mwaka mzima yaokwe chini ya bati!

Wala hatuhitaji kisanduku hicho. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, uingie kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley. Baadaye, mwaka 1872, Livingstone alibaki hapo miezi kadhaa akingoja wapagazi. Enzi za misafara Tabora ilikuwa mji wa kungoja, na mali ilitunzwa kwenye nyumba za kuta nene na paa la miti lililokandikwa udongo. Mchana wa jua kali, ndani kuna ubaridi. Ujuzi huo ni wa kwetu.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Weka dari chini ya bati, hata ya miti na udongo. Kuta ziwe za tofali nene, zipigwe lipu.
2. Panga marobota juu ya chaga, mbali na ukuta na mbali na dari.
3. Miezi ya kiangazi, fungua madirisha usiku na alfajiri, funga kabla jua halijapanda. Usiku wa Juni na Julai Tabora hushuka hadi karibu nyuzi 15. Uingize ubaridi huo. Siku ya mvua usifungue.
4. Fagia na choma mabaki ya msimu uliopita. Fukusi huanzia humo.
5. Kagua kila wiki. Ingiza mkono katikati ya robota. Ukihisi joto, fungua siku hiyo hiyo.
6. Usimwage dawa ya mahindi. Mabaki ya dawa yatafanya tumbaku ikataliwe.
7. Watoto wasilale chumba chenye tumbaku. Nikotini na vumbi lake vinadhuru.

Mwisho, maoni yangu kwa vyama vya msingi. Mkulima hapangi tarehe ya soko, lakini hasara ya kungoja anaibeba peke yake. Hiyo si haki. Kabla ya kupaka rangi ofisi au kununua viti vipya, AMCOS ijenge ghala lenye dari na kipimajoto ukutani. Swali hilo uliulize kwenye mkutano mkuu ujao, kabla tumbaku haijatoka bani.