Gia Ishirini na Moja za Kwenda Wapi?

Kuna mwenzetu mmoja, msomi, ambaye kila akija likizo hapa Tanga lazima awaseme vibaya mafundi baiskeli. Safari hii alitukuta barazani, Ngamiani, mkabala na fundi anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Fundi alikuwa anatoa gia kwenye baiskeli ya mteja, zile za mlimani zenye springi mbele na nyuma, zinazoteremshwa kwenye makontena ya mitumba. Mwenzetu akatikisa kichwa. "Nyie watu wa Tanga bwana! Mzungu kaumiza kichwa miaka mia kutengeneza gia, nyie mnazitupa jalalani kwa dakika kumi. Ndiyo maana hatuendelei."

Jamani, hii "ndiyo maana hatuendelei" imetuchosha. Mtu akila kwa mkono, ndiyo maana hatuendelei. Akilala mchana wa jua kali, ndiyo maana hatuendelei. Sikumjibu palepale kwa sababu kahawa alinunua yeye, na mwenye kahawa hagombezwi kabla kikombe hakijaisha. Namjibu hapa.

Kwanza tuitazame baiskeli yake mwenyewe, maana aliiegesha ukutani na mie nikaenda kuichungulia. Ina gia ishirini na moja: tatu mbele, saba nyuma. Nikajaribu kusukuma swichi ya kubadilishia. Wapi! Imeganda kwa kutu. Mnyororo umekaa palepale kwenye gia ya nne tangu sijui lini, na ukitazama meno utaona ni hilo moja tu linalong'aa, mengine yote mekundu. Kwa maneno mengine, msomi wetu anapanda baiskeli ya gia moja kama sisi. Tofauti ni kwamba zile ishirini nyingine anazibeba kama abiria wasiolipa nauli.

Na kwa nini zisigande? Huu mji uko baharini. Upepo wa chumvi unakula bati la nyumba, sembuse kiwaya chembamba kilichojificha ndani ya mpira. Mchanga nao unaingia kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya nyuma mpaka vinalia kama panya. Halafu mlima uko wapi? Toka Chumbageni mpaka Makorora, toka Mkwakwani mpaka Sahare, nionyesheni kilima kimoja cha kumfanya mtu mzima abadilishe gia. Meno 34 mbele na 18 nyuma, kwenye gurudumu la inchi 26, pedali ikizunguka mara moja unasogea karibu mita 4. Kwa mji tambarare na mzigo wa kawaida, unataka nini zaidi?

Ati Mzungu. Mzungu huyohuyo, kwenye mashindano yake makubwa ya Tour de France yaliyoanza mwaka 1903, alipiga marufuku mashine ya kubadilisha gia mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo mpanda baiskeli aliyefika mlimani alikuwa anashuka, anafungua gurudumu la nyuma, analigeuza upande wa pili wenye meno mengine, anapanda tena. Wajapani wana mashindano yao ya keirin tangu mwaka 1948, watu wanawekeana fedha, na baiskeli zile mpaka leo zina gia moja, hata breki hazina. Na hii baiskeli ya mlimani yenyewe tunayoambiwa tunaiharibu, imezaliwa wapi? Kule California, miaka ya 1970, vijana walichukua mabaiskeli ya zamani, mazito, ya gia moja na breki ya kukanyaga nyuma, wakayapandisha mlimani kwa gari na kushuka nayo kwenye vumbi. Njia yao moja, walikoanza kushindana mwaka 1976, waliiita Repack, kwa sababu kila wakifika chini grisi yote ya kwenye breki imeungua na lazima wapakie nyingine. Gia walizifunga baadaye. Kwa hiyo fundi wetu wa chini ya mwarobaini hajaua kitu. Kairudisha baiskeli kwao.

Hapo msomi nimemaliza naye. Sasa namgeukia fundi, na hapa ndipo ninapotaka nisomwe vizuri, maana fundi naye simwachi.

Kutoa gia si kosa. Kosa ni kutoa gia na kuacha springi ya nyuma.

Mjomba wangu anauza samaki. Alfajiri yuko Deep Sea, anapakia tenga lake, anakwenda nalo mpaka Pongwe. Miaka yote alikuwa na Phoenix. Ilipochakaa, kijana mmoja akamshawishi achukue hii ya springi, ati itamlinda kiuno. Fundi mmoja akaitoa gia zote, akakata mnyororo, akakusanya pesa yake. Wiki ya pili, njiani, baiskeli ikaruka shimo, mnyororo ukaanguka ukasokomea kati ya meno na njiti za gurudumu. Gurudumu likasimama ghafla. Mjomba akaenda chini na tenga lake, na lori lilikuwa nyuma yake. Dereva, Mungu ambariki, alikuwa macho. Mtulinga umevunjika, vibua vimetapakaa lami nzima, na mzee kakaa nyumbani wiki saba anatazama ukuta. Wiki saba ambazo shangazi yenu, yaani mkewe, ndiye aliyekaanga mihogo usiku na mchana ili watoto wale.

Kosa liko wapi? Lifuateni pole pole. Phoenix, au ile Swala yetu iliyotengenezwa Dar es Salaam zamani, tundu la ekseli ya nyuma limelala. Mnyororo ukilegea unafungua nati, unavuta gurudumu nyuma, unakaza, basi. Hizi za mlimani tundu limesimama, gurudumu haliendi mbele wala nyuma. Anayekula ulegevu ni ule mkono unaoning'inia nyuma, wenye vigurudumu viwili. Fundi akiutoa, hakuna tena wa kukaza.

Kwenye fremu nzima unaweza kubahatisha. Lakini fremu yenye springi nyuma si fremu moja, ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba kama mlango. Springi ikibonyea, kipande cha nyuma kinapanda, na mara nyingi umbali kati ya pedali na ekseli unabadilika. Ukikata mnyororo baiskeli ikiwa tupu, tenga likipakiwa unakazika mpaka unataka kukatika. Ukiukata ikiwa na mzigo, baiskeli ikiruka shimo unalegea na kuanguka. Yaani hakuna kipimo kilicho sahihi, kwa sababu unachokipima hakitulii! Zinazosalimika ni zile ambazo bawaba yake iko palepale kwenye ekseli ya pedali, au pedali zenyewe zimefungwa kwenye kipande cha nyuma. Fundi hana budi kuinama atazame bawaba iko wapi kabla ya kushika spana. Ni kazi ya dakika moja.

Akiona bawaba iko pabaya, basi ule mkono asiutupe. Akate waya tu, arekebishe zile skrubu zake mbili mpaka vigurudumu vitazame jino moja lililobaki, aupake grisi, auache ukaze mnyororo. Na kwa mchukuzi wa mizigo, mimi nasema springi ya nyuma itoke yenyewe, iwekwe pande la chuma lenye matundu ya bolti zilezile. Baiskeli inayoinama na kuinuka kila ukikanyaga, kama kuku anayekunywa maji, inakula nguvu ambayo mjomba wangu ameinunua kwa ugali.

Mtu wa Lushoto au Amani asinisikilize, ana milima yake na gia zake azitunze. Nasema na sisi wa huku chini.

Mjomba anaanza kazi tena Jumatatu. Jana tumekwenda kwa fundi wa mwarobaini na pande la chuma tulilookota gereji. Katazama bawaba, kanyamaza, halafu kaniuliza, "Ule mkono mliutupa wapi?" Sasa niko jalalani naukagua. Msomi akipita anaweza kunisaidia kutafuta, anao muda, likizo yake haijaisha.