Ukimya wa Mtambo Nao ni Habari

Maji mengi yanywewayo upande wa Kinondoni husafiri njia ndefu. Huchotwa mto Ruvu, wilayani Bagamoyo, katika mtambo wa Ruvu Chini ulioanza kazi mwaka 1976, yakasukumwa kwa bomba hadi matangi yaliyo juu ya kilima cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya kupanuliwa, mtambo huo waweza kutoa lita milioni 270 kwa siku. Mwanafunzi akigawanya kwa 24 ataona kuwa bomba kuu likikatika porini na habari ikachelewa saa moja tu, zaidi ya lita milioni 11 zaweza kupotea.

Mtambo wa Mtoni, Temeke, uchotao mto Kizinga, u karibu. Fundi aweza kuufikia upesi. Ruvu ni mbali, na aendeshaye pampu haoni tangi. Hapo ndipo upimaji wa mbali kwa redio unapofaa. Kipima kanieneo chini ya tangi hutambua kimo cha maji, namba hiyo ikarushwa kwa mawimbi. Mawimbi yatumikayo sana kwa kazi hii huenda karibu kama mstari ulionyooka: minara miwili ya mita 30, penye nchi tambarare, huwasiliana hadi kilomita 45 hivi, kisha mviringo wa dunia huyakinga. Penye vilima, kama vile vya Pugu, hapana budi kujenga kituo cha kupokezana.

Wako wahandisi wanaotaka redio ya kituo iseme pale tu jambo linapobadilika, ili betri idumu. Hoja hiyo yapendeza mezani. Porini betri huibwa, na waya huliwa na kutu ya chumvi ya pwani. Katika chumba cha usimamizi, tangi lisilo na la kusema na kituo kilichokufa vyafanana kabisa. Tofauti hujulikana wakazi wa Tegeta wanapokwisha kupanga madumu kwa muuza maji.

Yafaa basi kila kituo kiseme kila robo saa, hata kama ni kusema “salama” tu, na kikikosa zamu mbili kengele ilie. Gharama yake? Ujumbe wa nusu sekunde, mara 96 kwa siku, ni sekunde 48 za kurusha mawimbi. Iliyo ghali zaidi, na isahaulikayo katika makadirio mengi, ni pikipiki yenye petroli na fundi wa zamu wa kuiendesha kengele hiyo iliapo usiku wa manane.