Denzel Peke Yake Hatoshi

Ijumaa iliyopita tulijazana watu sita kwenye chumba kimoja hosteli, kompyuta tumeiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, tukatazama Roman J. Israel, Esq. Filamu niliichagua mimi. Na nilikuwa nimeipigia debe kweli kweli: filamu ya mawakili, Denzel Washington ndani, na kazi hii ilimfanya ateuliwe kuwania Oscar ya mwigizaji bora. Ilipofika katikati, wawili wanakoroma, mmoja yuko kwenye simu. Mwingine akaniuliza, "Sasa hii kesi inaanza saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. (Kama hujaitazama, samahani, huko chini nitakuharibia utamu.)

Filamu ilitoka mwaka 2017, imeandikwa na kuongozwa na Dan Gilroy, yule wa Nightcrawler ya 2014. Roman ni wakili wa Los Angeles. Kwa miaka mingi yeye ni mtu wa ofisini, anachimba sheria na kuandika hoja, huku mwenzake ndiye anayesimama mahakamani. Mwenzake anaanguka kwa ugonjwa wa moyo, ofisi inaonekana haina hela, na Roman anaishia kuajiriwa na wakili mwenye pesa zake, George Pierce, ambaye ni Colin Farrell.

Kila aendako Roman anabeba begi zito. Ndani yake mna kazi ya maisha yake: hoja za kesi kubwa ya kupinga jinsi washtakiwa wanavyosukumwa kukiri makosa. Jambo hili si la kutunga. Marekani, zaidi ya asilimia 90 ya wanaotiwa hatiani kwa makosa ya jinai wanakiri wenyewe, bila kesi kusikilizwa mpaka mwisho. Chukulia wewe ni kijana maskini. Unaambiwa: kiri sasa ufungwe miaka mitano, au bisha, na ukishindwa ufungwe ishirini. Hata kama hukufanya kosa, mkono utatetemeka, lakini utasaini.

Hapo nilikaa vizuri. Hata kwetu Tanzania, tangu 2019 sheria inaruhusu mshtakiwa na upande wa mashtaka kujadiliana ili akiri kosa. Nikasema basi, leo nitajifunza kitu.

Wapi! Begi halifunguliwi. Kijana mmoja anayetetewa na Roman anamwambia siri: muuaji halisi amejificha wapi. Roman anajaribu kupatana na mwendesha mashtaka kwa simu, wanashindwana, na kijana anauawa jela. Kisha Roman, mtu aliyekataa utajiri maisha yake yote, anaiuza siri ile kwa kisirisiri, anachukua zawadi ya dola 100,000. Suti mpya, nyumba nzuri, donati ufukweni. Mtu wa miongo ya msimamo anageuka ndani ya siku chache, na filamu haituonyeshi vya kutosha ni kitu gani kilichokatika ndani yake. Baada ya hapo ni hofu, kufuatwafuatwa, na risasi. Ile kesi kubwa? Pierce anaipeleka mahakamani mwishoni kabisa, dakika chache kabla ya majina kupanda kwenye skrini.

Sasa Denzel. Huyu ndiye aliyekuwa wakili Joe Miller kwenye Philadelphia ya 1993, na yule polisi mbabe wa Training Day ya 2001. Ule ubabe na ile sauti ya kuamrisha, hapa kaviacha nyumbani. Nywele zimefumuka, suti haimkai, hedifoni hazimtoki, anatembea kama mtu anayeiomba radhi barabara. Kuna mahali anazungumza na vijana wanaharakati, anawaambia wanaume wawapishe viti akina mama waliosimama. Kwake ni heshima. Wasichana wawili wanamjia juu, wanaona ni mfumo dume. Tazama uso wake pale: mzee aliyepigania haki kabla hawajazaliwa anagundua kwamba lugha yake haieleweki tena. Hakuna anayelia wala kupiga kelele, lakini mimi niliumia.

Rafiki yangu anayesoma Fasihi akasema hiyo inatosha, uigizaji wa namna ile unalipia saa mbili zote. Nilimbishia, na sababu ninayo mwenyewe.

Mwaka jana kwenye BTP niliingia darasani siku moja bila andalio la somo. Nilijiamini, mdomo ninao. Wanafunzi walicheka, wakapiga makofi, nikatoka natabasamu. Wiki iliyofuata nikawapa jaribio, zaidi ya nusu wakaandika vitu ambavyo hata sivielewi. Mwalimu aliyekuwa akinisimamia akaniambia, "Umewachekesha vizuri. Umewafundisha nini?" Sijawahi kuona aibu kama ile.

Ndiyo maana siwezi kumwachia Gilroy. Alikuwa na mwigizaji bora na alikuwa na somo zito, halafu akaenda kutafuta bastola. Mwigizaji anaweza kukufanya umpende Roman. Hawezi kukuonyesha mshtakiwa anayesaini kosa ambalo si lake, kama hakuna aliyeandika tukio hilo.

Itazameni kwa ajili ya Denzel, mtamkumbuka. Sisi tulipozima kompyuta, hata wale waliokoroma waliamka, tukabishana hadi saa nane usiku: wewe ungesaini, au ungebisha? Wanne walisema wangesaini. Filamu ilikuwa na saa mbili nzima za kutuuliza swali hilo, na haikuuliza.