Tahadhari: Kanusho la Haraka Linaua

Mlipuko ujao hautaanzia wizarani. Utaanzia zahanati ya kijijini, kwa mgonjwa wa homa kali na kutapika ambaye kila mtu atadhani ana malaria, na habari zake zitazagaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla sampuli hazijafika maabara. Hapo ndipo msemaji wa serikali atakapobanwa aseme chochote. Aangalie sana atakachosema.

Tumeshaonjeshwa. Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa watu 9 mkoani Kagera walishukiwa kuwa na Marburg, na 8 kati yao walikuwa wamefariki. Siku mbili baadaye Wizara ya Afya ikajibu kuwa sampuli zimepimwa na hakuna aliyekutwa na virusi hivyo. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha mgonjwa mmoja wilayani Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, hesabu ilifika watu 10: wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kuwa nao. Hakupona hata mmoja.

Sisemi wizara ilidanganya. Huenda ilisoma majibu ya maabara kama yalivyokuja. Lakini magonjwa ya jamii ya Ebola na Marburg yana ujanja wake: sampuli ikichukuliwa siku za mwanzo kabisa za dalili, inaweza kuonyesha hasi ilhali virusi vimo mwilini, ndiyo maana kipimo hurudiwa. Watu wa maabara wanalijua hilo. Wananchi nao wangelielewa kwa sentensi moja tu: tumepima, hatujaona kitu, tunarudia.

Kinachosikitisha ni kwamba mkoa huohuo ulishaona mambo yakifanywa vizuri. Machi 2023, Bukoba Vijijini, wizara ilianza kwa kukiri kuwa kuna ugonjwa usiojulikana unaoua watu, kisha Machi 21 ikautaja kwa jina. Wagonjwa walikuwa 9, vifo 6, na Juni 2 ukatangazwa kwisha.

Imani ikishapotea hairudishwi kwa tangazo. Mei 2020 takwimu za korona nchini ziliganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hivyo zaidi ya mwaka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huohuo zikapiga marufuku kutoa habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka. Waandishi wakanywea, uvumi, kama kawaida yake, haukuomba idhini. Julai 2021 zilipowasili dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, serikali ya awamu ya sita ikajikuta inawabembeleza watu waliokwisha kuambiwa wasiziamini chanjo. Tulitegemea wakimbilie foleni?

Gharama ya kanusho la haraka hulipwa msibani. Marburg huambukiza kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, na maiti nayo inaambukiza. Familia iliyosikia redioni kuwa ugonjwa haupo itamwosha marehemu wake kwa mikono mitupu, na waombolezaji watapanda mabasi kurudi Mwanza, Geita, hata Kigali na Kampala. Dalili zinaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza. Kufikia hapo nani atakumbuka alikaa na nani kwenye kiti?

Kwa hiyo tangazo lijalo likikanusha, waandishi waulize palepale: zimepimwa sampuli ngapi, zilichukuliwa siku ya ngapi ya ugonjwa, na majibu ya marudio yanatoka lini? Asiyeweza kujibu asiruhusiwe kuondoka na neno "hakuna". Na wewe uliye kijijini, ukiona watu wa nyumba moja wanaugua na kufa kwa kufuatana, usisubiri taarifa ya Dodoma. Piga 199, ni bure, na maiti isiguswe mpaka wataalamu wafike.